Mama Mkwe Amerudi

Ukisikia watu wa Kabianga wakisema kwamba Chepkosgei hakumpenda mama mkwe wake, wakanushe. Alimpenda sana, hasa tangu alipozikwa. Kaburi alilipandia maua, akalizungushia ua ili ng'ombe wasilikanyage, na kila Krismasi alilifagia mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Ni yale maisha ya jiko moja na redio moja ambayo hakutaka kuyakumbuka.

Kwa hiyo Jumamosi ile, nyumba ilipojaa wanawake wa ukoo waliokuja kumwitia mjukuu wake jina, Chepkosgei alikuwa na mpango. Mpango wenyewe ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha gazeti ndani ya mfuko wa sweta yake: ugoro, kiasi cha kuchotwa kwa ncha ya kidole.

Ieleweke kwamba Chepkosgei hanusi ugoro. Ni kiongozi wa akina mama kanisani, na ndiye aliyesimama mwaka jana akawaonya watu juu ya tumbaku kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Kupata ule ugoro ilibidi anyemelee kwa jirani yake, Mzee Bethwel, akamdanganya kwamba anautaka kwa ajili ya kuku mgonjwa. Mzee Bethwel alimpimia taratibu huku akimwangalia.

"Hiyo kuku yako, Mama Kipngetich, inakohoa ama imekataa kupiga chafya?"

Chepkosgei alishukuru, akaondoka. Mzee alikuwa ameshajua kuna nini, maana kila mtu alijua kuna nini. Kwa Wakipsigis mtoto hatafutiwi jina. Jina ndilo humtafuta mtoto. Wanawake wa upande wa baba hukaa wakawataja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Wengi huifanya kazi hiyo mtoto akiwa mchanga. Lakini Kipngetich, mwana wa Chepkosgei, anaishi Kericho mjini kwenye nyumba ya kupanga pamoja na mkewe Molly, na mambo ya mjini hayaishi. Mtoto alifika miezi sita akiwa na jina la cheti tu, Chepkurui. Sasa Apiyo, mdogo wake Molly aliyekuwa akimlea, alikuwa amerudi chuoni, na Molly, ambaye ni karani kwenye kiwanda cha majani chai, alikuwa amebakiwa na wiki moja ya likizo. Ikaamuliwa kwamba mtoto aachwe kwa bibi. Chepkosgei aliposikia hivyo alifuma sweta nne mfululizo, zote kubwa kupita kiasi, akanunua beseni jipya, akawatangazia hata watu ambao hawakuuliza.

Mtu ambaye Chepkosgei alitaka arudi ni Tapkigen, dada mdogo wa marehemu mumewe. Walichuma chai bega kwa bega, wakapeana chumvi na siri, wakacheka mpaka msimamizi akawatenganisha mistari. Tapkigen alikufa angali kijana. Kumbeba Tapkigen mgongoni, kumwogesha kwenye beseni jipya, hiyo ingekuwa raha ya uzee.

Anayeita majina alikuwa Senge Chepchirchir, shangazi yake Kipngetich, mwanamke mnene mwenye haraka. Kwa ajili ya Molly, binti ya fundi Opondo aliyetoka kando ya ziwa, watu wote walizungumza Kiswahili, kila mtu na chake.

"Usiogope, Molly," alisema Chepchirchir. "Sisi tunaita tu. Mwenyewe ndio anajibu."

"Na akikosa kujibu, Senge?"

"Tunakunywa chai, tunaita tena."

Chepkosgei alikuwa amejikalisha karibu kabisa na mtoto, kidole ki tayari.

"Ni wewe, Taplelei?" aliita Chepchirchir. Mtoto akanyonya ngumi yake. "Ni wewe, Tapkigen?"

Chepkosgei akajifanya anamfuta mtoto kamasi. Mtoto akakunja pua. Akafumbua mdomo, akaufumba. Wote wakasubiri. Lakini ugoro una mwendo wake, na chai ya Chepchirchir ilikuwa inapoa.

"Basi labda ni mama mwenyewe," alisema. "Ni wewe, Tabutany?"

Mtoto akapiga chafya mpaka kofia ikamtoka. Kisha ya pili, na ya tatu.

Vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa kuku bandani. Chepchirchir alimnyakua mtoto huku machozi yakimtoka, maana Tabutany ndiye aliyemzaa. "Mama! Mama amerudi! Angalieni hata hiyo paji ya uso, si ni yeye kabisa?" Na kweli mtoto, kwa ule muwasho, alikuwa amekunja uso na kumkazia Chepkosgei macho mekundu yaliyojaa lawama. Chepkosgei aliyajua macho hayo. Alikuwa ameyatazama kwa miaka ishirini na kitu.

Angesema nini? Kusema jina si lenyewe kungekuwa kusema ya kidole. Akapiga kigelegele kimoja, chembamba.

"Tabutany alikuwa mtu wa aina gani?" aliuliza Molly.

Wanawake wakatazamana.

"Alikuwa mtu wa msimamo," alisema Chepchirchir.

"Sana," alisema Chepkosgei.

*

Msimamo wenyewe ulikuwa hivi. Chepkosgei alikuwa bingwa wa mursik. Alisugua kibuyu kwa kaa la mti wa senetwet mpaka ndani pakawa peusi, akatia maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akayaacha yagande siku zake, na yalipomiminwa yalitoka mazito, yenye rangi ya wingu la mvua. Majirani walikuja na vikombe vyao. Lakini kila alipompelekea mama mkwe wake, Tabutany alinusa mdomo wa kibuyu, akakiweka chini, akasema mbele ya watu: "Peleka kwa ndama." Alisema hivyo mbele ya mchungaji. Alisema hivyo mbele ya wazazi wa Chepkosgei waliokuja kumtembelea binti yao, na mama yake akarudi nyumbani akiwa ameinamisha kichwa.

Tena kulikuwa na redio. Chepkosgei hakuwa na anasa nyingine duniani ila kipindi cha salamu cha saa kumi na moja jioni. Tabutany aliona ni upuuzi mtu kukaa akisikiliza watu asiowajua wakiwasalimu watu asiowajua. Alikuwa akitoa mawe ya redio, yaani betri, na kuyaficha ndani ya unga. Siku moja Chepkosgei alisonga ugali na jiwe moja.

Jumapili kanisani, siku moja baada ya jina kuitwa, watu walipotoka nje, Mzee Bethwel alimpungia mkono kutoka upande wa pili wa uwanja. "Mama Kipngetich! Kuku imepona?" Mchungaji akageuka kwa huruma, akauliza ni ugonjwa gani wa kuku, na kama ni ule unaozunguka. Chepkosgei alisema imepona, Bwana asifiwe.

Jumatatu jioni alikaa na redio yake, akitumaini angalau pale atapumzika. Salamu zilisomwa za watu wa Soin, za watu wa Kipkelion, za bwana mmoja wa Bomet aliyewasalimu wote wanaomdai. Kisha mtangazaji akacheka kabla ya kusoma. "Kipngetich wa Kericho mjini anamsalimu mama yake, Mama Kipngetich wa Kabianga, msikilizaji wetu sugu, na anampa hongera kwa sababu mama mkwe wake amerudi nyumbani!"

Chepkosgei aliizima redio yeye mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza.

*

Kutoka siku hiyo nyumba ikawa na mambo. Chepkosgei alimpikia mtoto uji, akamfulia nguo, akamfukuzia nzi, lakini kumbeba hakumbeba. Alimpokea kwa mikono iliyonyooka, akampitisha kwa mtu wa pili haraka. Kila alipoinama kumtazama, mtoto alikunja lile paji la uso, na Chepkosgei akajikuta anakaza kilemba na kutazama kama jiko limefagiwa. Mtoto naye si mjinga. Alilia kila alipoachwa naye, na uji aliutema.

Jumatano mchana Molly na mama mkwe wake walikuwa jikoni wakichambua mboga za saga.

"Mum, naomba niulize kitu."

"Uliza."

"Mbona humbebi Chepkurui?"

"Mgongo inaniuma."

"Jana ulibeba majani kikapu mzima mpaka kwa kituo, ukirudi unaimba."

Chepkosgei akachambua jani ambalo lilikuwa limeshachambuliwa. Molly akashusha sauti. "Mum, likizo yangu inaisha. Mama Phelix anasema anaweza kumchukua, atakaa na yeye huko kwao. Anakuja Jumapili."

Mama Phelix ni mama yake Molly. Mumewe alipostaafu walirudi upande wa ziwa, safari ya nusu siku ukihesabu na kungoja gari. Chepkosgei aliiona ile njia yote mbele ya macho yake. Aliona zile sweta nne zikivaliwa kwenye joto la huko.

"Mmeamua?" aliuliza.

"Mimi sitaki. Lakini siwezi kuacha mtoto na mtu anamwogopa."

Hapo Chepkosgei akaweka mboga chini. Aliona haya kulia mbele ya mke wa mwanawe kwa sababu ya mtoto wa miezi sita, lakini machozi hayakungoja ruhusa.

"Molly, mimi nilimngoja huyu mtoto. Nilimngoja mpaka watu wakachoka na mimi. Lakini nikimwangalia, naona ananiangalia vile yule alikuwa ananiangalia. Kama mtu anangoja nikosee."

Molly akavuta fungu jingine la mboga. Kisha akasema polepole, bila kumtazama, "Niliona kidole, Mum."

Chepkosgei alitamani ardhi impokee pale pale pamoja na sufuria.

"Sijaambia mtu, hata Kipngetich," aliendelea Molly. "Kwetu pia jina ikikosewa, mtoto analia mpaka abadilishiwe. Nitaambia Senge tu kwamba amekuwa akilia, tuite tena Jumapili. Lakini safari hii, Mum, hiyo mikono ikae kwa mapaja."

*

Alhamisi Molly aliitwa kiwandani kutia sahihi karatasi za kurudi kazini. Aliondoka asubuhi, akaacha termosi ya uji, nepi, na maagizo ambayo Chepkosgei aliyasikiliza kama mwanafunzi. Gari lake lilipotoweka kwenye kona ya mashamba ya chai, mtoto aliangalia mlango, akamwangalia bibi yake, akaanza.

Alilia kwenye beseni na nje ya beseni. Alilia akionyeshwa ng'ombe. Uji aliupiga teke, ukamwagikia sketi ya Chepkosgei. Kufikia adhuhuri, bibi na mjukuu walikuwa wamechoka sawasawa, wamekaa sakafuni, mmoja akilia kwa sauti na mwingine kimoyomoyo.

Chepkosgei ana dawa moja ya kila balaa. Alinyanyuka, akashusha kibuyu kutoka kwenye msumari, akakitikisa, akajimiminia mursik kwenye kikombe cha bati. Hakuwa amemaliza funda la kwanza alipoona kilio kimekoma. Mtoto alikuwa ameegemea mbele, mkono umenyooka, macho yote yako kwenye kikombe.

"Wewe?" alisema Chepkosgei. "Wewe ndio unataka hii?"

Daktari alikuwa amesema mtoto sasa anaweza kuonjeshwa vyakula. Hakusema kama vyakula hivyo ni pamoja na kumaliza ugomvi wa miaka ishirini. Chepkosgei alinawa kidole kile kile cha dhambi, akakisugua sana, akakichovya kwenye mursik. Yeye mwenyewe aliona ni uchizi.

"Haya, Mama," alisema, na lile neno lilimtoka lenyewe. "Onja. Halafu useme. Peleka kwa ndama. Sema tu, mimi nimezoea."

Mtoto akaonja. Uso wote ukajikunja kwa uchachu, mabega yakapanda, mwili ukamsisimka mpaka vidole vya miguu. Chepkosgei akafumba macho, akangoja hukumu.

Alipofumbua, mdomo ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi kabisa, na ulimi nje, na mkono umemshika kidole kwa nguvu ili kisiende popote. Akampa tena. Mtoto akapewa tena na tena, na kila mara akasisimka, na kila mara akafumbua mdomo mkubwa kuliko mwanzo, mpaka alipopata uvivu wa kushiba na kumlalia kifuani, kidevu kina madoa ya kijivu.

Chepkosgei alikaa naye pale pale sakafuni. Alilia vizuri sasa, kwa sababu hakukuwa na wa kumwona.

"Si ungesema tangu zamani, Mama?" alimwambia. "Si ungesema hata mara moja?"

Saa kumi na moja aliwasha redio, akaipunguza sauti. Mtoto hakuamka kuyatafuta mawe.

*

Jumapili baada ya ibada, Mama Phelix alifika na kikapu cha samaki wa kukaushwa na leso mpya ya kumbebea mjukuu. Senge Chepchirchir alifika nyuma yake, ameshakunja mikono ya nguo. Kipngetich alileta viti nje. Molly alimtazama mama mkwe wake, akatazama mikono yake, akaona imetulia kwenye mapaja kama walivyoagana.

"Haya," alisema Chepchirchir, "Molly ananiambia mtoto amesumbua, labda tulisikia vibaya. Tuite tena, wageni wasichelewe gari. Ni wewe, Taple—"

"Ngoja," alisema Chepkosgei.

Wote wakamtazama.

"Hakuna kuita. Jina ni hiyo hiyo."

"Lakini Mama," alisema Kipngetich, "si Molly amesema—"

"Molly alisema mambo ya Jumatano. Leo ni Jumapili. Mtu amefika nyumbani kwake, amekunywa maziwa yangu, halafu nimwambie rudi ulikotoka? Nimefanya mambo mengi mabaya, lakini hiyo sitafanya."

"Mum!" alishtuka Molly. "Ulimpatia mursik?"

"Alininyang'anya." Chepkosgei akamgeukia Chepchirchir, na sauti ikapanda bila yeye kutaka. "Ndio, amekunywa! Mama yako, mwenye alinipelekea maziwa yote kwa ndama mbele ya mchungaji, mbele ya mama yangu mzazi, amekunywa Alhamisi mpaka akalala!"

Chepchirchir alimtazama kwa muda. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kutikisa kiti.

"Ndama gani, Mama Kipngetich?"

"Ndama! Ndama za hapa!"

"Nani alikuwa anatumwa kupeleka? Si mimi?" Chepchirchir alijifuta macho kwa kiganja. "Ndama ya hii boma haijawahi kuonja mursik yako. Nilikuwa nazunguka na kibuyu mpaka nyuma ya ghala, halafu Mama anakuja na kikombe yake. Anakunywa yote, hata mimi hanigawii."

Hata Mama Phelix, ambaye alikuwa hana habari na ndama wowote, aliacha kupepea samaki.

"Na hukuniambia," alisema Chepkosgei.

"Aliniapisha. Alisema mke wa kijana akisifiwa, mkono inalegea."

Chepkosgei alitaka kukasirika, na alikuwa na haki. Aliikumbuka shingo ya mama yake ilivyoinama siku ile. Lakini hasira ilipofika kooni ilikutana na kicheko kikija kutoka upande wa pili, vikashikana, na kilichotoka si hiki wala si kile. Alisimama, akaenda alikokaa mtoto kwenye mkeka, akainama mbele yake, paji la uso kwa paji la uso.

"Mwizi wewe," alisema. "Mwizi mkubwa."

Mtoto akacheka. Ana jino moja, na alilionyesha.

Akachukua ile leso mpya kutoka mapajani mwa Mama Phelix bila hata kuomba, akamrusha mtoto mgongoni kwa namna ya mtu ambaye mgongo haujawahi kumuuma, akafunga fundo kifuani.

Mama Phelix akatazama leso yake ikiondoka. "Basi naona mimi nirudi na kikapu yangu."

"Kikapu wacha, na wewe ukae, tule," alisema Chepkosgei. "Molly, lete vikombe. Leo watu wanakunywa mbele, hakuna wa nyuma ya ghala."

Molly alicheka, akaingia jikoni. Alirudi mlangoni ameshika vikombe mkono mmoja, na mkono wa pili ile termosi aliyoijaza asubuhi kwa uangalifu, maziwa na ulezi, kama daktari alivyomweleza. Mtoto alikuwa ameinua kichwa juu ya bega la bibi yake, anakifuatilia kibuyu kwa macho.

"Mum, na hii uji?"

Chepkosgei hakugeuka. Alikuwa anatikisa kibuyu.

"Peleka kwa ndama," alisema.